Nyumba ya Popo ya Fundi Laini

Shangazi wa bibi harusi alikataa kiti, akakataa na maji ya kunywa. Alisimama katikati ya kibaraza cha nyuma, akatoa kwenye mfuko gauni jeupe alilolichukua juzi tu, akaligeuza ndani nje mpaka akafika kwenye pindo. Wateja wawili waliokuwa wakisubiri kupimwa walinyoosha shingo ili wasipitwe.

"Hebu nitazamie hapa, fundi," alisema. "Labda macho yangu yamezeeka."

Fundi cherehani aliinama. Kati ya tabaka mbili za kitambaa alilala nondo, yule mdudu wa kuzunguka taa, amepigwa pasi mpaka amekuwa bapa, mabawa yamekunjuka vizuri na unga wake wa kahawia umesambaa kwenye weupe.

"Ni mdudu," alisema.

"Afadhali umesema wewe. Mimi nilidhani ni urembo, nikajiuliza mbona umeniongezea bure."

Wale wateja wawili walicheka, mmoja kwa kujificha na mwingine waziwazi. Fundi hakucheka. Mtaa ulimpa jina la Bi Pindo kwa sababu mshono wake wa pindo hauonekani hata ukiutafuta kwa miwani, na alilipenda jina hilo kuliko alivyokuwa tayari kukiri. Sasa pindo lile lile ndilo lililomwaibisha. Alilifumua mbele yao, akaliosha, akalishona upya, na shangazi alipoanza kutaja punguzo, alirudisha sehemu ya fedha kabla maneno hayajaisha. Fedha ilimuuma kidogo. Kicheko kilimuuma zaidi, na kiliendelea kumuuma mpaka jioni.

Si kwamba Bi Pindo alikuwa mzembe. Nyumba yao ilikuwa ya vyumba vidogo, na kama meza ya kukatia vitambaa ingeingia ndani, watu wangelazimika kulala nje. Kwa hiyo alishonea kibarazani. Na kwa kuwa asubuhi ilimezwa na kufua, sokoni na jikoni, kazi yenyewe ilianza kuchanganya alasiri, ikaendelea mpaka baada ya taa kuwashwa. Taa ikiwashwa, wadudu nao huingia kazini. Walijaribu kuzungushia chandarua, lakini mtu na pasi ya mkaa ndani ya chandarua ni kujioka. Walijaribu dawa ya kupuliza. Mteja mmoja akarudisha sketi akilalamika kwamba kila akiivaa anapiga chafya. Na msimu wa mvua, ambamo wadudu huota mabawa kwa fujo, ulikuwa njiani.

Walipokuwa wakila jioni ile, Bi Pindo alitoa neno alilokuwa amelizungusha kichwani kwa muda mrefu.

"Mama Vioo amenipitia tena. Anasema kiti bado kipo."

Mumewe aliacha kutafuna. Mama Vioo alijifunza kushona pamoja na Bi Pindo, benchi moja, mkasi mmoja, na alikuwa wa mwisho darasani kujua kutia zipu. Lakini alikuwa wa kwanza kupata chumba chenye madirisha ya vioo, na sasa alitafuta mikono ya watu wengine ya kukaa ndani yake.

"Ukashone wewe, halafu nguo zitoke kwa jina lake?"

"Zitoke safi, mume wangu. Habari za jina baadaye."

"Na chuo je?"

Hapo ndipo palipokuwa na uzito. Chuo cha uuguzi kilikuwa kinatafuta fundi wa kushona sare za wanafunzi wapya, nyeupe tupu, na metroni wa chuo alikuwa ameshamwambia Bi Pindo apeleke nguo moja ya mfano. Kazi hiyo ingelifanya jina lake lijulikane mjini. Ila ingeshonwa mvua zikiwa zimeshaanza.

"Chuo ndicho kinachonitia hofu," alisema. "Nikiweza kuzitoa safi hapa nyumbani, nabaki na cherehani yangu na wateja wangu. Nikishindwa, naenda kukaa kwenye kiti cha Mama Vioo, na sitaki mtu anilaumu."

"Hakuna wa kukulaumu, mwanangu," alisema mama mkwe, ambaye aliishi nao na alikuwa na desturi ya kusema jambo la maana huku akitafuta mfupa kwenye sahani. "Ila huyu mume wako atanuna mpaka anuke."

---

Huyo mume alikuwa seremala, na yeye naye alikuwa na jina lake la mtaani: Fundi Laini. Kila kilichotoka mikononi mwake kililainishwa, hata uvungu wa meza, hata mgongo wa kabati ambao hauonwi na yeyote isipokuwa ukuta. "Pitisha shavu," aliwaambia wateja, na wao, watu wazima na akili zao, waliinama wakapitisha shavu juu ya ubao. Juu ya mlango wa karakana aliandika kwa rangi: Kizuri Chajiuza.

Siku hizo alikuwa akitengeneza dari ya ukumbi wa shule ya jirani. Mle darini walijaa popo wadogo, wale wala wadudu, ambao mwili wao hauzidi kidole gumba. Mwalimu mkuu alitaka mianya izibwe jioni, wenyewe wakishatoka, ili asifungiwe hata mmoja ndani. Fundi Laini alifanya hivyo huku akinung'unika. Popo hawakumsumbua, mbao ndizo zilizomsumbua. Aliyeezeka ukumbi ule zamani hakupiga randa hata ubao mmoja.

"Mbao kama magome ya mti," alimwambia mlinzi. "Huyu alikuwa mvivu, tena wa kujivunia."

Mlinzi alikuwa ameketi chini ya taa ya ukumbini, giza likianza kuingia, na hapo ndipo Fundi Laini alipoona jambo. Taa ile haikuwa na wadudu. Labda wawili watatu, wenye bahati yao. Popo walipita, wakakata kona, wakapita tena, na kila walipopita wale wenye bahati walipungua.

"Hawa tunawafukuza waende wapi?" aliuliza.

"Watajua wenyewe," mlinzi alijibu. "Mwenye njaa ya usingizi hakosi pa kulala."

Alirudi nyumbani akitembea kama kijana aliyekubaliwa posa. Hakungoja hata kunawa.

"Nitawajengea nyumba," alisema. "Kule mwisho wa ua, juu ya nguzo. Wao watakula wadudu, wewe utashona."

"Nani?" Bi Pindo aliuliza.

"Popo."

Bi Pindo alimtazama mama mkwe, mama mkwe akatazama sahani.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," mama mkwe alisema hatimaye. "Na huyu hata chai haulizi."

Bi Pindo alijua kwamba mumewe hakuwa anajenga kwa ajili ya popo. Alikuwa akiogopa kile kiti cha Mama Vioo, na kwa kuwa hakuwa hodari wa kusema "usiende", alikuwa akilisema kwa nyundo. Jambo hilo lilimgusa. Akamwambia ajenge.

Mwalimu mkuu, aliyewahi kusoma habari hizo, alimweleza Fundi Laini umbo la nyumba ya popo: sanduku bapa, refu kwenda juu, wazi kwa chini, na ndani nafasi nyembamba kama mfuko wa shati, liwekwe juu sana mahali penye jua la asubuhi. Alipoanza kusema neno kuhusu mbao, Fundi Laini alimkata kwa tabasamu. Kuhusu mbao alikuwa hafundishwi.

Alichukua mbao nzuri zilizobaki kwenye kitanda cha mteja. Akazipiga randa, akazipiga msasa, nje na ndani, hata kule ndani kabisa ambako mkono hauingii mpaka ufunge msasa kwenye kijiti. Akapaka vanishi akaiacha ikauke mpaka harufu ikaisha. Siku ya kuipandisha juu ya nguzo alimwita mkewe kwanza.

"Pitisha shavu."

Bi Pindo akapitisha. "Ni laini kuliko kitanda chetu," alisema, na mumewe alicheka kwa furaha mpaka akasahau nyundo alikoiweka.

---

Popo hawakuja. Jioni baada ya jioni walionekana wakipita juu ya paa, wakakata kona zao, wakaenda zao. Nyumba ilimetameta pale juu ya nguzo na hakuna aliyeigusa. Jirani wa upande wa pili wa ukuta alipanda kwenye ndoo kila siku akauliza kama hoteli imeshafunguliwa. Siku nyingine aliuliza kama bei ndiyo inayowafukuza wageni.

"Kizuri chajiuza," Fundi Laini alimjibu.

"Naona. Kinajiuza polepole."

Mama mkwe naye aliona aibu ya mwanawe akaamua kumsaidia. Alikuwa na ndizi zilizoiva mpaka zimeanza madoa. Bila kumwuliza mtu, akafunga chane zima chini ya nyumba ile ya popo, kwa kamba na mti mrefu wa kuangulia matunda. Mvumilivu hula mbivu, alijisemea, akaenda kulala akiwa ameridhika na nafsi yake.

Waliokula mbivu hawakuwa wale wadogo. Walikuja popo wa matunda, wakubwa, wenye sura za mbwa na makelele ya sokoni, wasiokula mdudu hata mmoja. Walizichukua zile ndizi wakazitafuna huku wakizunguka ua mzima. Na uani, kwenye kamba, ilikuwa imeanikwa ile sare ya mfano ya chuo, ambayo Bi Pindo aliifua jioni ili ahakikishe kitambaa hakirudi kikawa kifupi.

Asubuhi sare ilikuwa na michirizi ya manjano kutoka begani hadi kwenye pindo. Bi Pindo aliianua. Mama mkwe aliitazama, akatazama kamba tupu iliyokuwa na ndizi, akaketi chini pale pale.

"Ni mimi, mwanangu."

"Najua, mama."

"Nilidhani popo ni popo."

"Hata mimi ningedhani hivyo," Bi Pindo alisema, na alisema kwa moyo mweupe, ingawa machozi yalikuwa karibu.

Alifua kwa sabuni, akafua kwa ndimu. Doa lilififia likakataa kutoka. Akaikunja hivyo hivyo akaipeleka chuoni, maana siku aliyopewa ilikuwa ile ile, na kutokwenda ni kusema hawezi.

Metroni alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti ya chini, ile ambayo wanafunzi huacha kukimbia ukumbini wakiihisi hata kabla ya kuisikia. Pembeni, kwenye meza ya pili, mhasibu wa chuo alikuwa akiandika.

"Hili doa ni la nini?"

"Ndizi, Metroni."

"Unakula ndizi juu ya kazi?"

"Hapana. Imepitia kwa popo."

Mhasibu aliweka kalamu chini. Bi Pindo alieleza yote, kuanzia taa hadi chane la ndizi, kwa sababu alikuwa amechoka na uongo ungehitaji nguvu. Metroni alisikiliza huku akiivuta ile sare kwapani kwa mikono miwili, kwa nguvu, kama mtu anayetaka kuichana. Haikuchanika.

"Mshono nimeupenda," alisema. "Nguo za yule mwenye vioo zinaachia kwapani, na mwuguzi hufanya kazi mikono juu. Lakini mgonjwa hawezi kuhudumiwa na doa. Nakupa fungu la kwanza ujaribiwe nalo. Nitakuja kulichukua mwenyewe, jioni, taa yako ikiwa imewashwa. Nikikuta mdudu, nampelekea huyo wa vioo kazi yote, na tusilaumiane."

"Hatutalaumiana, Metroni."

---

Siku kadhaa baadaye, kabla ya kuwasha taa, Bi Pindo alikaa kibarazani akafanya jambo ambalo hakuna mwingine pale nyumbani aliyekuwa amelifanya: aliitazama ile nyumba ya popo bila kuipenda wala kuichukia. Popo mmoja mdogo alikuja. Alifika kwenye mdomo wa sanduku, akajibandika, akateleza, akaanguka kidogo hewani, akaruka. Akarudi, akajibandika, akateleza. Akaenda na hakurudi tena.

Bi Pindo alijua hali hiyo. Kila siku alipigana na kitambaa cha satini, ambacho ukikilaza mezani bila pini kinateremka chenyewe mpaka sakafuni.

"Wanateleza," alimwambia mumewe wakati wa chakula.

"Nani?"

"Wageni wako. Wanataka kuingia ila hawana pa kushika. Umewatengenezea satini."

Fundi Laini aliendelea kula, lakini taratibu.

"Pale ukumbini walikuwa wanashika nini?" Bi Pindo aliuliza.

Fundi Laini alijua walikuwa wanashika nini. Walikuwa wanashika mbao za yule mvivu wa kujivunia.

"Tengeneza nyingine," mkewe alisema. "Usipige randa. Iparuze."

"Mimi sijawahi kutoa kazi mbaya mkononi mwangu."

"Sijasema mbaya. Nimesema ya kuparuza."

"Kwangu mimi ni kitu kile kile."

"Basi chagua," Bi Pindo alisema, "jina lako libaki laini, au mimi nibaki hapa."

Mama mkwe alinyanyuka akaondoa vyombo ambavyo watu walikuwa bado hawajamaliza kulia.

Aliitengeneza. Kesho yake, nyuma ya karakana, mahali ambapo wateja hawafiki, Fundi Laini alichukua mbao mbichi za msumeno, akazigeuza upande mbaya uwe ndani, na kwa meno ya msumeno akazichora mistari, mmoja chini ya mwingine, toka juu hadi chini. Kila mstari ulimkwaruza yeye kwanza. Alikuwa amefika nusu aliposikia hodi, na kabla hajaficha kitu mhasibu wa chuo alikuwa ameshaingia mpaka nyuma. Alikuja kuagiza kabati. Mjini walimwambia aende kwa Fundi Laini, apitishe shavu.

"Na hii ni nini?" mhasibu aliuliza, akipitisha kidole juu ya ule ubao. Akakitazama kidole kama kina damu.

"Hiyo? Hiyo ni ya mwanafunzi wangu," Fundi Laini alisema. "Anajifunza. Ndio wanavyoanza."

"Ana safari ndefu."

"Ndefu sana," Fundi Laini alisema, akacheka.

Hakuwa na mwanafunzi. Hajawahi kuwa naye, maana hakuna kijana aliyevumilia kupiga msasa nyuma ya makabati. Na mlangoni, akiwa na chakula chake cha mchana kwenye sufuria yenye mfuniko, alikuwa amesimama Bi Pindo. Alingoja mhasibu aondoke, akaiweka sufuria juu ya benchi.

"Kumbe una mwanafunzi."

"Ningemwambiaje? Yule anataka kabati."

"Ungemwambia ni yako."

"Angenifikiriaje?"

"Kila meza ya watu unaiita yako. Kitanda cha watu, chako. Kazi moja umenifanyia mimi, nayo umeikana kama mtoto wa nje." Hakupandisha sauti. "Sare nitazimaliza, kwa sababu nimeahidi. Nikishazikabidhi, nitamjibu Mama Vioo. Kule angalau najua kazi yangu inafichwa na mgeni."

Alitoka. Fundi Laini alikaa juu ya benchi karibu na sufuria, na kwa mara ya kwanza tangu waoane chakula cha mkewe kilipoa mbele yake.

---

Nyumba ya pili ilipanda juu ya nguzo bila sherehe. Ile laini mama mkwe aliiomba, akailaza ubavu, akaifanya rafu ya vikombe, na kila mgeni aliyekunywa chai aliambiwa apitishe shavu. Jirani alipanda kwenye ndoo yake, akaitazama mpya, akasema hoteli imeshuka daraja.

Wageni waligunduliwa na mama mkwe. Asubuhi moja alikuta chini ya nguzo punje ndogo nyeusi, mfano wa mchele ulioungua. Aliinama akazichunguza kwa kijiti, akazifagia pamoja, akazibeba kwenye kipande cha boksi mpaka kwenye tuta lake la mboga. Kisha akaja kusimama mlangoni mwa chumba cha mwanawe.

"Amkeni," alisema. "Wameingia. Wameshaacha na kodi."

Mvua zilianza wiki ile ile, na kumbikumbi wakatoka ardhini kwa mafungu. Tusidanganyane: wadudu hawakwisha. Ila palipokuwa na wingu palibaki wachache, na wachache mtu anaweza kushindana nao. Bi Pindo alifunika kila sare kwa shuka safi akishaimaliza, akakung'uta kila pindo kabla ya kulifunga, akapitisha kidole ndani ya kila mshono kabla ya pasi. Huko nyuma alifanya hayo hayo na bado akashindwa. Sasa alifanya na akaona faida. Alishona akiimba kwa ndani, pengine bila kujua, na mama mkwe alijikalia karibu akimtilia vifungo.

Kwa mumewe alikuwa na adabu zote. Alimpakulia, alimjibu, alimwuliza habari za kazi. Hakumtania hata mara moja. Fundi Laini, ambaye alikuwa ametaniwa kila siku ya ndoa yake, alilala vibaya.

---

Metroni alikuja jioni kama alivyoahidi, na nyuma yake mhasibu, aliyebeba malipo na daftari la kutia sahihi. Taa ilikuwa imewashwa. Sare zilikuwa mezani chini ya shuka, zote isipokuwa moja, ambayo Bi Pindo alikuwa akiipiga pasi ukosi. Fundi Laini alileta kiti. Metroni hakukaa.

Aliacha sare za juu akavuta ya chini kabisa, kwa ujanja wa watu waliozoea kukagua vitanda. Akaigeuza, akalipitisha pindo kati ya vidole viwili chini ya taa, duara zima. Akaangalia kwapani, akaangalia mifuko. Akavuta nyingine kutoka katikati.

Nondo mmoja, mkubwa, mwenye mabawa ya unga, akaja kwenye taa. Watu wote walimwona. Alizunguka mara moja, akashuka kuelekea kwenye weupe. Kivuli kikapita, kidogo, cha haraka, na nondo hakuwepo.

Metroni aliifuata njia ya kile kivuli kwa macho, mpaka mwisho wa ua, mpaka juu ya nguzo.

"Ndio wale wa ndizi?"

"Hapana, Metroni," mama mkwe alidakia. "Hawa hawana habari na ndizi. Nimeshawajua."

Mhasibu naye alikuwa ametazama juu. Alikunja uso kama mtu anayekumbuka.

"Ile naijua," alisema. "Si ndiyo ile kazi ya mwanafunzi wako, fundi? Na umeiweka juu watu waione? Mimi ningeificha mpaka ajue kushika randa."

Bi Pindo hakuinua kichwa, lakini pasi yake ilipunguza mwendo. Jirani, juu ya ndoo yake, alikuwa amefika ukutani bila kualikwa. Fundi Laini alikuwa ameshika mgongo wa kiti ambacho hakuna aliyekikalia, na kabati la mhasibu, ambalo malipo yake ya awali yalikuwa bado, lilisimama mbele ya macho yake lote, milango na droo.

"Sina mwanafunzi," alisema.

"Aliondoka?"

"Hajawahi kuwepo. Nilikudanganya, kaka. Ile nyumba nimeitengeneza mimi, kwa mikono hii. Nimeiparuza makusudi kwa meno ya msumeno, kwa sababu popo hawezi kushika ubao laini. Nilianza na laini, na hakulala hata mmoja. Ile ya kuparuza ndiyo inayomlinda mke wangu akishona, na katika kazi zote nilizowahi kufanya, ndiyo ninayoitaka ijulikane ni yangu."

Mhasibu alitazama nguzo, akamtazama yeye.

"Na kabati langu?"

"Kabati lako litakuwa laini mpaka mgongoni. Nguo zako hazilali zikining'inia kwa kucha."

Metroni alicheka. Kilikuwa kicheko kikubwa kilichomshtua hata mhasibu wake, na kikamfanya akae kwenye kile kiti. Bi Pindo aligundua kwamba pasi imesimama juu ya ukosi. Aliinyanyua upesi, akatazama. Ukosi ulikuwa mweupe.

"Tia sahihi, fundi," Metroni alisema alipopata pumzi. "Kitambaa cha fungu la pili kitaletwa, na la tatu. Na wewe Fundi Laini, bweni langu lina taa, lina wadudu, na lina wasichana wanaopiga kelele wakimwona nondo. Uje tuzungumze."

"Nitakuja," alisema. "Ila zitakuwa za kuparuza."

"Za kuparuza ndizo ninazozitaka."

Wageni waliondoka na sare zao. Mama mkwe aliingia ndani na vikombe kuvirudisha kwenye rafu yake. Jirani alishuka kwenye ndoo bila neno, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Fundi Laini alibaki akiokota pini sakafuni, moja moja, kazi ambayo hakuna aliyemtuma.

"Mama Vioo utamjibu lini?" aliuliza bila kuinuka.

"Kesho nitampitia," Bi Pindo alisema. "Nimwambie kile kiti ampe mtu mwingine."

Pini zilikuwa zimekwisha sakafuni, lakini aliendelea kuzitafuta.

"Na yule mwanafunzi wako?" mkewe aliuliza. "Mbona simwoni siku hizi?"

"Nimemfukuza. Alikuwa mwongo."

Bi Pindo alicheka, kile kicheko chake cha zamani, akamrushia ncha moja ya shuka lililokuwa limefunika sare, akamwambia ashike vizuri walikunje.